Kubaguliwa na Kudhalilishwa Kazini: Sheria Inasema Nini na Pa Kushitakia

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote.

Katika masuala tunayoletewa na familia za Unguja na Pemba, moja hurudi kila mara kwa sura tofauti. Mzazi anauliza: binti yetu kapata kazi ya hoteli, na sasa msimamizi wake anamsumbua kwa maneno na kwa mikono, tumwambie anyamaze ili asifedheheke, au ashitaki na apoteze kazi? Mwengine anauliza: mke wangu alipoonekana ana mimba, mkataba wake haukuongezwa, je, hiyo ni kadari tu ya Mwenyezi Mungu au kuna haki ya kudai? Kijana naye anauliza: kila nafasi ya kupanda cheo ninapitwa, na nimeambiwa wazi kuwa watu wa kwetu hawaaminiki, nifanye nini?

Tumeona bora jawabu ziwekwe mahala pamoja, ili familia ipate pa kurejea. Tutaeleza maana ya mambo haya, sheria inayomhusu kila mmoja kwa pahala anapofanyia kazi, hukumu ya dini katika kushitaki, kisha hatua za kufuata. Na tunasema tangu mwanzo jambo moja ambalo ndilo tunalotaka msomaji aondoke nalo: kudai haki yako kwa njia iliyo sawa si kujivunjia sitara, na kuchelewa kudai ndiko kunakopoteza haki nyingi.

Ubaguzi ni nini, na udhalilishaji ni nini?

Ubaguzi kazini ni kumtendea mtu tofauti na wenzake, au kumnyima nafasi, kwa sababu isiyohusiana na kazi yenyewe: dini yake, rangi yake, kabila au pahala alipozaliwa, jinsia yake, mimba, ndoa, ulemavu, maradhi, umri au siasa. Unaweza kutokea kabla ya ajira, katika tangazo la kazi au usaili. Unaweza kutokea ndani ya ajira, katika mshahara, mafunzo, zamu na vyeo. Na unaweza kutokea mwisho wa ajira, katika kupunguza au kufukuza watu.

Ubaguzi mwengine hauonekani kwa jicho la haraka. Mwajiri anaweka sharti moja kwa watu wote, lakini sharti hilo linawaangukia watu wa aina fulani tu, na kazi haikulihitaji. Mfano ni sharti kwamba wafanyakazi wote wawe kichwa wazi, katika kazi ya kuhesabu fedha ofisini ambako kichwa kufunikwa hakumzuii mtu kuhesabu.

Si kila tofauti ni ubaguzi. Mwajiri anaruhusiwa kuangalia sifa ambazo kazi haiwezi kufanyika bila ya kuwa nazo. Anayetaka dereva anaweza kumkataa asiye na leseni. Madrasa inayotaka mwalimu wa Qur-aan inaweza kutaka Muislamu anayejua kuisoma. Vilevile msimamizi anayekukumbusha kufika kwa wakati, akakuandikia onyo kwa kosa ulilolifanya kweli, hajakudhalilisha kwa hilo. Muislamu ni muadilifu hata dhidi ya nafsi yake, na hapaswi kuita dhulma kila jambo lisilompendeza.

Udhalilishaji ni vitendo au maneno yanayomvunjia mtu heshima yake pale kazini: matusi, kejeli kuhusu dini au asili yake, kumfanyia vitisho, kumtenga makusudi. Ukiwa wa kijinsia, huwa ni mguso asioutaka, maneno machafu, picha au ujumbe wa simu wa aibu, au kuombwa kimwili ili apate kazi, zamu nzuri au cheo. Kipimo si kama mtendaji alikuwa "anatania". Kipimo ni kuwa jambo lile halikutakiwa na aliyefanyiwa. Wala halihusu wanawake peke yao, kama tutakavyoona katika kisa cha Nabii Yusuf ('alayhis salaam).

Sheria ipi inakuhusu?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mambo ya kazi na ajira si mambo ya Muungano. Zanzibar ina sheria zake za kazi, na Tanzania Bara ina zake. Kinachoangaliwa ni pahala unapofanya kazi, si pahala ulipozaliwa. Mpemba anayefanya kazi katika duka la Dar es Salaam analindwa na sheria ya Bara. Mtu wa Tanga anayefanya kazi hoteli ya Nungwi au Paje analindwa na sheria ya Zanzibar.

*Kwa Zanzibar*, msingi ni Katiba ya Zanzibar ya 1984, ambayo katika Kifungu cha 12 inaweka usawa wa watu mbele ya sheria na kukataza ubaguzi. Chini yake zipo sheria mbili za kazi ambazo kila familia ingefaa izijue kwa majina: Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Ya kwanza inaeleza haki za mfanyakazi na wajibu wa mwajiri, na ndani yake imekataza ubaguzi kazini pamoja na udhalilishaji wa kijinsia. Ya pili inahusu vyama vya wafanyakazi na namna ya kutatua migogoro. Mtumishi wa serikali ana pia Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Na udhalilishaji ukifikia kiwango cha jinai, inaingia Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, na hapo jambo ni la Polisi na mahkama, si la ofisi ya mwajiri tu.

*Kwa Bara*, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inakataza ubaguzi katika Ibara ya 13, na Ibara ya 22 na 23 zinahusu haki ya kufanya kazi na kupata ujira wa haki. Sheria kuu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004. Kifungu chake cha 7 ndicho cha ubaguzi, na kinafaa kukaririwa maana yake, kwa kuwa kina mambo manne makubwa:

1. Kimetaja sababu zilizokatazwa moja moja: rangi, utaifa, kabila au pahala mtu alipotoka, asili ya kijamii, maoni ya kisiasa, dini, jinsia, mimba, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri na hadhi ya mtu katika maisha.
2. Kimesema kuwa kumnyanyasa mfanyakazi kwa moja ya sababu hizo ni aina ya ubaguzi.
3. Kinamlinda hata mwombaji kazi ambaye bado hajaajiriwa.
4. Mfanyakazi akionyesha kwa ushahidi wa mwanzo kuwa amebaguliwa, mzigo unamgeukia mwajiri. Yeye ndiye atakayethibitisha kuwa ubaguzi haukutokea, au haukuwa kwa sababu iliyodaiwa, au kwamba sifa ile kweli ilihitajika na kazi.

Jambo hilo la nne lina faida kubwa kwa mnyonge, kwani mafaili, orodha za mishahara na barua zote zimo mikononi mwa mwajiri. Kwa sehemu kubwa sheria hii haiwahusu wanajeshi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, ambao wana sheria zao, ingawa kifungu hiki cha ubaguzi kinawahusu nao.

Bara pia, Kanuni ya Adhabu imefanya udhalilishaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai, kwa maneno au kwa vitendo, tangu mabadiliko ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5, au faini, au vyote viwili. Na anayetumia cheo chake kumtaka mtu kimwili ili ampe kazi au cheo ametenda rushwa ya ngono, iliyotajwa katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Mambo ya rushwa kwa Bara hupelekwa TAKUKURU, na kwa Zanzibar hupelekwa ZAECA.

Katika uwanja wa dunia, Mkataba Namba 111 wa 1958 wa Shirika la Kazi Duniani unazitaka nchi zilizouridhia zipige vita ubaguzi wa ajira. Tanzania iliuridhia mwaka 2002.

Hijabu, swala na funga

Sheria zote mbili zimekataza ubaguzi wa dini. Kumkataa mwanamke mwenye sifa zote kwa sababu tu amejisitiri, au kumfukuza kwa hilo, ni jambo linaloweza kushitakiwa. Mwajiri akitoa sababu ya usalama, kwa mfano kazi ya karibu na mashine inayozunguka, jibu la busara ni kuomba mtandio wa kubana au wa aina nyengine inayositiri bila ya kuning'inia. Mara nyingi mgogoro huishia hapo kama umeombwa kwa adabu na kwa maandishi.

Kuhusu swala, mafaqihi, na miongoni mwao wa madhehebu ya Imam Shafi'i yanayofuatwa na wengi visiwani, wameeleza kuwa wakati wa swala za faradhi hauhesabiki ndani ya muda aliouuza mfanyakazi. Anaposali faradhi yake hajamuibia mwajiri. Lakini asitumie swala kuwa kisingizio cha kupotea saa nzima. Kwa vile mikataba mingi haitaji swala wala Ijumaa, tunashauri jambo hili lizungumzwe na kuandikwa kabla ya kutia saini. Aliyekwisha kuajiriwa aombe kwa barua, na apendekeze namna ya kufidia muda ule, kama vile kufika mapema au kubadilishana zamu na mwenzake.

Tunaulizwa sana kuhusu kazi ya kupeleka pombe mezani. Hukumu yake katika dini inajulikana: Hadithi imemlaani anayeibeba na anayeimimina pamoja na anayeinywa. Upande wa sheria za kazi, ikiwa mtu aliomba kazi ya baa kwa hiari yake, ni vigumu kusema kuwa kapewa kazi ya baa kwa ubaguzi. Lakini aliyeajiriwa jikoni, bustanini au mapokezi, kisha akahamishiwa baa kwa nguvu ili aache kazi mwenyewe, hali yake ni nyengine. Aandike pingamizi lake siku hiyohiyo.

Mimba, uzazi na kunyonyesha

Mimba ni miongoni mwa sababu zilizotajwa wazi katika sheria ya Bara. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza mwanamke kwa kuwa ni mjamzito. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Anaponyonyesha anastahiki hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Baba ana siku 3 za likizo yenye malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu kuzaliwa mtoto. Mwanamke amjulishe mwajiri mapema, miezi mitatu kabla ya kujifungua, na aambatishe cheti cha daktari. Akirudi kutoka likizo akakataliwa kuendelea na kazi, sheria inahesabu kuwa ameachishwa kazi, na anaweza kudai.

Zanzibar nayo ina likizo ya uzazi yenye malipo katika sheria yake ya ajira, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, una fao la uzazi kwa wanachama wake. Kwa hiyo mwanamke ahakikishe kuwa michango yake inapelekwa kweli, asingoje hadi siku ya kwenda kujifungua.

Je, kushitaki ni ghiba? Je, ni kuvunja sitara?

Hili ndilo linalowafunga watu midomo kuliko woga wa kupoteza kazi. Binti anaambiwa na wazee wake: "Funika, mwanangu, usijitangaze." Na wanaomwambia hivyo wanamtakia mema.

Jawabu yetu ni kuwa kushitaki dhulma kwa mwenye uwezo wa kuiondoa si ghiba iliyokatazwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 148, Allah ametueleza kuwa Hapendi maovu kutangazwa kwa maneno, kisha Akamtoa katika hukumu hiyo aliyedhulumiwa. Imam An-Nawawi katika Riyadhus Swalihin alipotaja hali sita ambazo mtu huruhusiwa kumtaja mwengine kwa ubaya, ya kwanza aliyoiweka ni ya aliyedhulumiwa anayepeleka malalamiko yake kwa kadhi, mtawala au mwenye mamlaka. Tofauti iko wazi. Kumweleza mkuu wa kazi, ofisi ya kazi au Polisi ni kudai haki. Kumsambaza mtu katika makundi ya simu, kabla ya jambo kuchunguzwa, ni mlango mwengine, nao una hatari kidini na kisheria.

Wengine wanaogopa qadhf, yaani kumtuhumu mtu zina bila ya mashahidi wanne. Qadhf ni kumsingizia mtu zina. Anayesema "fulani alinishika bega mara tatu na akaniandikia ujumbe huu" hajamtuhumu mtu zina. Ameeleza alichofanyiwa. Basi aseme hicho hicho, asizidishe na asipunguze.

Ama sitara, imewekwa kumhifadhi mja aliyeteleza akajuta, haikuwekwa kumpa dhalimu nafasi ya kumdhuru wa pili na wa tatu. Wahenga wamesema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunawaomba wazazi na waume wasianze kwa kuuliza alivaa nini au alikwenda kufuata nini. Waanze kwa kuuliza nini kimetokea, na lini.

Tunatahadharisha pia jambo linalofanyika sana mitaani kwetu: kumalizana kinyumbani mbele ya sheha au wazee kwa mkono wa radhi na fedha kidogo, huku kosa lenyewe ni la jinai. Suluhu ni kheri katika mgogoro wa mshahara au zamu. Katika kushambuliwa mwili wa mtu, suluhu ya aina hiyo humrudisha mkosaji kazini, na anayeondoka ni aliyekosewa.

Ushahidi: kanzu ya Nabii Yusuf

Watu husema: hakuna aliyeona, nitathibitisha vipi? Tukisome kisa cha Suratu Yusuf kwa jicho hili. Kijana anahudumu katika nyumba ya mkubwa. Mwenye mamlaka ndani ya nyumba anamtaka, anafunga milango, naye anakataa na kukimbia. Kisha mwenye mamlaka anamtangulia kwa mumewe kumshitaki yeye. Katika aya ya 26 Yusuf hakunyamaza kwa haya. Alisema wazi kuwa yeye ndiye aliyetakwa. Na kilichoamua si shahidi wa macho bali kanzu: imechanika mbele au nyuma? Ilipoonekana imechanika nyuma, ukweli ulidhihiri. Baadaye, mfalme alipomwita atoke gerezani, katika aya ya 50 hakutoka mpaka jambo lake lichunguzwe.

Ndani ya kisa hiki mna mafunzo matatu ya leo: aliyedhulumiwa anasema, dalili za mazingira zina uzito, na jina lililochafuliwa husafishwa kwa uchunguzi. Kanzu ya leo ni hii:

- Daftari la matukio. Andika tarehe, saa, pahala, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Andika siku hiyohiyo, maana kumbukumbu hupungua.
- Ujumbe wa simu na sauti zilizorikodiwa alizotuma mwenyewe. Usizifute kwa hasira. Ziweke nakala kwa mtu unayemuamini.
- Mkataba, barua ya ajira, hati za mshahara, ratiba za zamu na tangazo la kazi.
- Barua ulizoandika kulalamika, pamoja na alama ya kupokelewa.
- Cheti cha hospitali kama kuna madhara ya mwili au ya akili.
- Majina ya wenzako waliofanyiwa hivyohivyo, kwa idhini yao.

Hatua za kufuata

*Kwanza*, ikiwa ni salama, mwambie mtendaji wazi kuwa hutaki jambo lile. Sentensi moja fupi, kwa mdomo au kwa ujumbe, inatosha. Ikiwa si salama, ruka hatua hii.

*Pili*, peleka malalamiko kwa maandishi kwa mwajiri au afisa utumishi, na ubaki na nakala. Ikiwa msimamizi wako ndiye mlalamikiwa, peleka kwa aliye juu yake. Kama una chama cha wafanyakazi, mwite mwakilishi wake awe nawe.

*Tatu*, usiache kazi kwa hasira, na usitie saini barua ya kujiuzulu uliyoandikiwa na mwengine. Sheria ya Bara inatambua kuwa mtu anaweza kulazimika kuacha kazi kwa kuwa mwajiri ameifanya isivumilike, na ikamhesabia kuwa ameachishwa, lakini yeye ndiye atakayetakiwa kuonyesha hivyo. Ni rahisi zaidi akiwa alilalamika kabla ya kuondoka. Na kumfukuza mtu kwa kuwa amedai haki aliyopewa na sheria si sababu halali.

*Nne*, nenda kwenye chombo kinachohusika.

Kwa Zanzibar, anza na Kamisheni ya Kazi, Unguja au Pemba. Mgogoro husikilizwa kwanza kwa njia ya usuluhishi katika kitengo cha migogoro ya kazi, na usipomalizika ipo Mahkama ya Kazi. Usiupeleke kwa Kadhi: Mahkama ya Kadhi inashughulikia ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mfano wa hayo, si migogoro ya ajira. Nenda mapema, katika siku za mwanzo za tukio, wala usingoje mwezi ukatike.

Kwa Bara, chombo ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana zaidi kwa herufi CMA. Hujazwa fomu namba 1, na nakala hupelekwa kwa mwajiri. Mgogoro wa kuachishwa kazi ufikishwe ndani ya siku 30. Migogoro mengine ndani ya siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini lazima awe na sababu nzito, na kutojua sheria si sababu nzito. Usuluhishi ukishindikana, shauri huendelea kwenye uamuzi au Mahkama Kuu, Divisheni ya Kazi, kwa kadiri ya aina yake.

*Tano*, ikiwa umeguswa, umeshambuliwa au umetishwa, nenda Polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, bila ya kungoja majibu ya mwajiri. Njia hizi mbili zinaweza kwenda pamoja.

Asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa. Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018, na wapo wasaidizi wa sheria katika wilaya za Unguja na Pemba. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, nazo husaidia watu wasio na uwezo.

Waliokwenda Oman na nchi za Ghuba

Dada zetu wengi hufanya kazi za nyumbani Oman na kwengineko. Huko hawalindwi na sheria ya Zanzibar bali na ya nchi ile, na kazi za nyumbani aghlabu zina kanuni zake mbali na sheria ya kazi ya jumla. Kinga yao kubwa huwekwa kabla ya safari: wakala mwenye leseni, mkataba ulioandikwa na kupitishwa na Kamisheni ya Kazi, na nakala ya pasi na mkataba ibaki kwa familia. Tanzania ina ubalozi Muscat, na namba yake iwe kwenye simu ya msafiri na ya wazee wake. Familia ikubaliane naye siku maalumu ya kuzungumza. Siku hiyo ikipita kimya, ndugu wafuatilie mara moja.

Na sisi wenyewe tunaoajiri

Tumezungumza kama kwamba mwajiri ni mtu mwengine. Lakini wengi wetu ni waajiri: tuna msichana wa kazi ndani, kijana wa dukani, mlinzi wa usiku. Sheria ile ile tunayoitaka iwalinde mabinti zetu hotelini inamlinda na yule aliyeko jikoni kwetu.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Abu Dharr (Radhiya Allahu 'anhu) alimkejeli mtu kwa asili ya mama yake. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akamwambia kuwa bado ana ujahilia ndani yake, kisha akafundisha kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu: tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, tusiwatwike wasichokiweza, na tukiwatwika tuwasaidie. Abu Dharr alikuwa Swahaba mtukufu, na neno moja la asili lilitosha kumletea karipio hilo. Basi tujiulize wangapi kati yetu humwita mfanyakazi kwa kabila lake badala ya jina lake.

Na katika Suratul Qasas, aya ya 27, mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa alitaja muda wa kazi wazi, miaka minane, na akasema kuwa hataki kumtia mashakani. Masharti yaliyo wazi na nia ya kutomtaabisha mfanyakazi ndiyo tunayowataka wenzetu watutendee. Tuyaandikie na wafanyakazi wetu: mshahara, saa, siku ya mapumziko na pahala pa kulala penye mlango unaofungika. Binti wa kazi asiachwe peke yake ndani na mwanamume yeyote wa nyumba. Khalwa ni haramu hata kama mwanamume huyo ni mwanao na unamuamini.

Maelezo haya ni ya jumla. Kila mgogoro una mambo yake, na aliye ndani yake amwone msaidizi wa sheria au wakili akiwa na karatasi zake mkononi. Tunamuomba Allah Awape nusra waliodhulumiwa, Awaongoze waliodhulumu warejeshe haki za watu kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu, na Atubarikie katika chumo zetu za halali.

Na Allah Anajua zaidi.